Matembezi ya Aprili Hayatoshi: Mafunzo Niliyopata Nikidai Huduma za Watoto Wenye Usonji

Tarehe 2 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Usonji. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga siku hiyo Desemba 2007, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2008. Hapa Dar es Salaam tunavaa fulana za bluu, tunatembea bendi ikiwa mbele, tunamsikiliza mgeni rasmi, tunapiga picha. Tarehe 3 Aprili, mtoto aliyekosa shule tarehe 1 bado yuko nyumbani.

Mimi ni baba wa kijana mwenye usonji. Mkate wangu umetoka masjala: kupokea barua, kuzipa namba, kuzifungulia jalada na kuzipeleka kwa mhusika. Mimi na wazazi wenzangu wa upande wa Temeke tumedai kitengo cha elimu maalum, walimu, choo na uzio. Baadhi tumepata, mengine tunaendelea kuyafuatilia. Haya ninayoyaandika ni kwa mzazi anayetaka kuanza, na kwa yule aliyekwisha kuchoka. Yote yanarudi kwenye jambo moja: huruma ya watu haigeuki kuwa huduma mpaka mtu aombe kitu kinachotajika, kwenye ofisi inayohusika, kwa wakati wake, na asiombe akiwa peke yake.

1. Kila mahali, wazazi ndio walioanza

Wapo wazazi wanaoona haya kudai. Wanajiona kama watu wanaopitisha bakuli. Hao huwa nawasimulia habari za wenzetu.

Uingereza, mwaka 1962, wazazi waliokutana London walianzisha chama ambacho leo kinaitwa National Autistic Society. Mmoja wao alikuwa Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili ambaye binti yake alikuwa na usonji. Enzi hizo mtoto wa namna hiyo aliweza kuandikwa kwamba hafundishiki, na mambo yakaishia hapo. Sheria iliyoondoa utaratibu huo ilipitishwa mwaka 1970. Wazazi hawakuisubiri: mwaka 1965 walikuwa wameshafungua shule yao mtaa wa Ealing, chini ya mwalimu Sybil Elgar.

Marekani wataalamu walikuwa wakiwaambia akina mama kwamba usonji wa watoto umetokana na wao kukosa mapenzi ya mzazi. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu cha kuibomoa hoja hiyo, na mwaka uliofuata akaungana na wazazi wengine kuunda chama. Pale Pennsylvania chama cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili kiliishitaki serikali ya jimbo, na makubaliano yaliyofikiwa mahakamani mwaka 1971 na 1972 yakasaidia kufungua njia ya sheria ya elimu ya nchi nzima ya mwaka 1975. India, mama mmoja, Merry Barua, alianzisha Action For Autism mwaka 1991. Jirani zetu Kenya waliunda Autism Society of Kenya mwaka 2003, chama cha wazazi ambao wamekuwa nyuma ya kitengo cha usonji cha shule ya msingi ya City, pale Ngara, Nairobi.

Kwa hiyo mzazi anayeingia ofisini na bahasha yake haombi hisani. Anafanya kazi ile ile iliyoleta huduma kila mahali ilikopatikana.

2. Omba kitu kinachoweza kuingia kwenye bajeti

Tulipoonana na ofisa wa elimu mara ya kwanza, kila mzazi alisimama akaeleza yake. Mmoja alilia. Mwingine alieleza alivyofukuzwa kwenye nyumba ya kupanga kwa sababu mwanawe anapiga kelele usiku. Ofisa alisikiliza kwa adabu, peni mkononi, daftari jeupe. Mwisho akasema, “Poleni sana wazazi wangu. Nimewaelewa. Sasa, niandike nini?”

Kimya. Kisha mama mmoja muuza mihogo, ambaye alikuwa hajasema neno, akajibu: “Andika choo.”

Akaeleza. Mwanawe akibanwa haja hawezi kusema na hawezi kusubiri. Vyoo vya shule viko ng'ambo ya uwanja, na wakati wa mapumziko uwanja umejaa watoto wanaomzomea. Hivyo yeye hukaa getini tangu asubuhi na mfuko wa nguo za kubadilisha, na mihogo haiuziki. “Kikijengwa choo chenye mlango wa kutokea humo humo darasani, mimi narudi kwenye biashara yangu.” Ofisa akaandika. Ndilo jambo la kwanza aliloandika siku ile.

Tangu hapo hatuendi ofisini na neno “msaada”. Tunakwenda na orodha iliyopangwa kama wanavyopanga wao. Kuna mambo ya ikama, yaani watumishi: walimu wa elimu maalum, mlezi wa darasa. Kuna miradi ya maendeleo: darasa, choo, uzio upande wa barabara. Kuna matumizi mengineyo: uji, vifaa vya kuchezea na kujifunzia, usafiri. Ombi lililopangwa hivyo lina mahali pa kukaa kwenye jedwali la ofisa. Ombi lililoandikwa “tunaomba watoto wetu wakumbukwe” halina.

Na yapo maombi ambayo gharama yake ni ndogo. Shuleni kwetu tuligundua kwamba katika shule za jirani wapo walimu waliosomea elimu maalum lakini wanafundisha madarasa ya kawaida, tena masomo mengine kabisa. Kumhamisha mwalimu wa namna hiyo ndani ya halmashauri ile ile ni rahisi kuliko kusubiri ajira mpya. Tulipoliandika jambo hilo kwa jina la shule na somo, lilijibiwa upesi kuliko yote.

3. Fuata kalenda ya fedha, usifuate kalenda ya sherehe

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai. Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni. Lakini kabla ya hapo halmashauri inakuwa imeshakusanya vipaumbele kutoka mitaani na kwenye kata, kamati zimeshachambua, na baraza la madiwani limeshapitisha makisio, kwa kawaida Januari au Februari. Maana yake, anayesimama jukwaani tarehe 2 Aprili kuomba darasa anaiomba bajeti iliyokwisha kupita mikononi mwa diwani wake. Atapigiwa makofi, ataahidiwa, na ombi lake litangoja mwaka mwingine kama kuna atakayelikumbuka.

Sisi tunaanza Agosti na Septemba. Tunatembelea shule na kuandika upungufu. Oktoba tunahudhuria mkutano wa mtaa na kuhakikisha suala letu linaingia kwenye muhtasari. Usidharau muhtasari: lisiloandikwa mle halijasemwa. Baada ya hapo tunamwona Mheshimiwa Diwani kabla Kamati ya Maendeleo ya Kata haijakaa, kwa sababu yeye ndiye mwenyekiti wake. Baraza la madiwani likikutana kupitisha bajeti, baadhi yetu tunaingia ukumbini. Mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, ingawa hachangii. Diwani anayewaona wazazi wake wamekaa pale nyuma hulikumbuka swali lao.

Na 2 Aprili? Tunaiadhimisha, lakini kazi yake imebadilika. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni rasmi sasa anakabidhiwa mbele ya kamera karatasi yenye safu mbili: yaliyoahidiwa mwaka jana, na yaliyotekelezwa.

4. Barua isiyo na mhuri haijafika

Hili nalijua kuliko yote, kwa kuwa nilikuwa upande wa pili wa dirisha. Nimeona barua nyingi za wananchi zikifia njiani, na si kwa roho mbaya ya mtu. Moja haina anwani ya mwandishi. Nyingine imeelekezwa kwa “Serikali”. Nyingine ina kurasa nne za masikitiko na ombi halionekani. Nyingine alikabidhiwa ofisa mkononi koridoni, akaiweka kwenye kitabu, kitabu akakiacha kwenye gari.

Barua nzuri ni ya ukurasa mmoja. Iandike kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ipitie kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata ili wasije wakasema wamerukwa. Kichwa kiseme jambo lenyewe: “YAH: MAOMBI YA CHOO CHA NDANI, DARASA LA ELIMU MAALUM”, kisha jina la shule. Aya ya kwanza ombi, ya pili sababu, ya tatu mnachochangia nyinyi wazazi. Chini weka majina, sahihi na namba za simu, na nakala kwa diwani na afisa elimu maalum.

Peleka nakala mbili masjala. Moja inabaki, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudishwa kwako. Hiyo ndiyo mali yako, itunze. Ukirudi kufuatilia, usiseme “niliwahi kuleta barua hapa”. Toa nakala, taja tarehe, omba kumbukumbu namba ya jalada. Karani atanyanyuka, kwa sababu sasa swali haliko kwako tena, liko kwake.

Jibu la mdomo lipokee kwa heshima, kisha andika barua fupi ya kushukuru ukilirudia: “Tunashukuru kwa kikao cha tarehe fulani ambapo ulitueleza kwamba…” Ahadi imekuwa maandishi, na hakuna aliyegombana na mtu.

5. Jua sheria kabla hujapaza sauti

Si lazima uwe mwanasheria. Majina machache yanatosha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inaelekeza kuwepo kwa kamati za watu wenye ulemavu kuanzia mtaani na kijijini kwenda juu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imeifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima. Na Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara yake ya 24 inahusu elimu jumuishi.

Mwalimu mkuu wa shule moja aliwahi kunijibu kwamba mwanangu nimpeleke “kwenye shule zao”. Sikubishana. Nilimwambia, “Sawa, Mwalimu. Naomba uniandikie hivyo kwa barua, uweke mhuri wa shule, ili niende nayo mbele.” Alinitazama, akavuta rejista, akauliza jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa. Watu wengi husema kwa mdomo yale wasiyothubutu kuyatia sahihi.

Anza na swali dogo kwa mwenyekiti wa mtaa wako: kamati ya watu wenye ulemavu ya hapa ni akina nani, na imekaa lini mara ya mwisho? Kama haipo, mmeshapata kazi ya kwanza. Mkiuliza hilo, ulizeni pia habari za mikopo ya halmashauri: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa, 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mzazi aliyeacha kazi ili amlinde mtoto aende ofisi ya maendeleo ya jamii akaulize kikundi chao kinaingia kwa mlango upi.

6. Watafuteni waliojifungia ndani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Ni makadirio ya dunia nzima, si hesabu ya Temeke. Lakini chukua kata ya watu 30,000, gawanya, utapata zaidi ya watu 230. Nilipomwonyesha diwani hesabu hiyo alisema, “Haiwezekani, mimi nawajua watatu tu.” Ndiyo, kwa sababu waliobaki wako ndani. Kitabu cha takwimu za elimu kinachotolewa na serikali kina safu ya wanafunzi wenye usonji, lakini safu hiyo inahesabu walioandikishwa. Aliyefichwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi mwalimu.

Kuwatafuta hakufanywi kwa kipaza sauti. Ukitangaza “wenye watoto wenye ulemavu wajitokeze”, utakaa na viti vitupu. Tulipita kwa wajumbe wa mashina, kwa wauguzi wa zahanati, kwa imamu na kwa mzee wa kanisa. Tuliuliza maswali ya kawaida: nani ana mtoto aliyekuwa na maneno yakapotea? Nani ana mtoto anayeziba masikio konda akigonga bodi la daladala? Nani ana mtoto ambaye hata ukimwita vipi hageuki, lakini akisikia karatasi ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio?

Huko Mbagala tulifika kwa bibi mmoja. Tukamsalimu, akaitika marahaba, akatukaribisha kwenye mkeka uani. Mjukuu alikuwa ndani, amefungwa kiunoni kwa kanga, ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda. Alikuwa ametulia, anapanga vizibo vya soda kwa rangi, mstari ulionyooka kuliko wa kupimwa kwa rula. Bibi aliona macho yetu. “Mwanangu, barabara ile pale. Juzi alitoka, akaja kupatikana Rangi Tatu. Nikiwa jikoni na vitumbua nitamshikaje?”

Mama mmoja kati yetu alimjibu, “Bibi, hatukuja kukushitaki.” Tulimweleza kwamba kumfunga si salama, na kwamba anaweza kuungua moto ukitokea. Lakini hatukuondoka na kuacha mawaidha tu. Fundi aliweka komeo juu ya mlango wa uani, mahali mtoto asipofika. Kwa idhini ya bibi, vijana wa kijiwe cha bodaboda walimwona mtoto na kumjua jina, ili akionekana amevuka barabara wamrudishe. Na jina lake liliingia kwenye orodha tuliyoipeleka kwa afisa ustawi wa jamii na afisa elimu maalum. Mzazi anayepewa komeo leo atakuja mkutanoni kesho. Anayepewa lawama atanunua kanga imara zaidi.

7. Mwalimu na muuguzi ni wenzako

Hasira ya mzazi hutafuta mtu wa karibu, na wa karibu ni mwalimu wa darasa. Mtazame kwanza. Darasa moja lina watoto wa umri mbalimbali: mmoja anakimbia, mmoja anajigonga kichwa, mmoja anataka kukumbatiwa kutwa. Ukutani mwalimu wetu alibandika picha alizochora kwenye vipande vya maboksi: kikombe, sahani, kata ya maji, mpira, mkoba. Ndiyo ratiba ya siku. Tendo likiisha, mtoto anabandua picha na kuitia kwenye kopo. Aliyekuwa akilia kila ukifika wakati wa kutoka uwanjani sasa anaiona picha ya mkoba mapema, anajua nyumbani kumekaribia. Maboksi yale aliyatoa dukani kwa mangi, rangi alinunua kwa fedha yake.

Mwalimu kama huyo ukimshambulia mbele ya mwalimu mkuu, ataomba uhamisho, na darasa litabaki na kufuli. Mwandikie barua ya pongezi, nakala kwa afisa elimu, kisha mdai aongezewe mwenzake. Hata upungufu usimlaumu yeye. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalum, na KCMC Moshi inafundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo, lakini wahitimu ni wachache kwa nchi pana kama hii, na wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache zaidi. Familia nyingi za mikoani hulala njiani ili mtoto apate nusu saa ya mtaalamu.

Ndiyo maana nasisitiza mafunzo ya wazazi wenyewe. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha walezi wa watoto wenye ucheleweshi wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, vinavyoendeshwa na watu waliofunzwa ambao si lazima wawe mabingwa. Umefanyiwa kazi Kenya na Ethiopia. Hili ni ombi ambalo halmashauri yenye maafisa ustawi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii inaweza kulibeba.

Kwenye kliniki ya mtoto napo mzazi aseme. Mizani na chanjo ndivyo vinavyojaza asubuhi ya muuguzi. Usipotaja wewe kwamba mtoto wa mwaka na nusu haitiki jina lake wala hanyooshi kidole kuonyesha kitu, foleni itasogea. Na ukiambiwa “hata baba yake alichelewa kusema”, omba rufaa hata hivyo.

8. Baba aje kikaoni, kisha asikilize

Vikao vyetu vimejaa akina mama. Baba wengine wameondoka nyumbani, wengine wapo lakini wamewaachia wake zao jambo hili kama vile mtoto ni wa ukoo wa upande mmoja. Nimeona pia kwamba baba wakifika wawili watatu ofisini, viti huongezwa. Si haki, ila ndivyo ilivyo, na tunaitumia hali hiyo. Hata hivyo baba akija asiwe msemaji wa mambo asiyoyajua. Anayejua mtoto analala saa ngapi na anatapika chakula gani ndiye aseme. Sisi tubebe mafaili, tufuatilie mihuri, na nyumbani tumalize maneno ya mawifi na mashemeji wanaouliza mama alimkosea nani hata akazaa mtoto wa hivi.

9. Heshimu imani ya mtu, lakini uongo usiupishe

Karibu kila mzazi niliyekutana naye alipita kwa mganga, kwa shehe au kwenye maombi kabla ya kupita hospitali. Kumcheka ni kumpoteza. Sala haimzuii mtoto kwenda shule, na imamu wetu mmoja alifanya kazi kubwa kuliko mabango yote aliposema kwenye hotuba ya Ijumaa kwamba mtoto huyu hana jini, ana haki.

Lakini kuna mambo tunayakataa waziwazi: dawa za kunywesha zinazouzwa kama tiba ya usonji, kuchanja chale, kumnyima mtoto chakula, kumpiga ili pepo litoke. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza na hauna dawa ya kuuondoa. Kinachomsaidia mtoto ni kufundishwa mapema, kwa njia inayomfaa, na watu wenye subira.

Na suala la chanjo hurudi kila mwaka kwenye makundi ya WhatsApp. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha kwenye jarida la The Lancet makala kuhusu watoto 12, iliyoleta hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inasababisha usonji. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuuona uhusiano huo. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala, na Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Mzazi mwenye mtoto mwenye usonji ana sababu zaidi ya kumchanja mdogo wake: surua ikiingia nyumbani humo, mzigo utakuwa mara mbili.

10. Wenye usonji wana la kusema

Mwaka 1993 Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, aliwaeleza wazazi kwamba huzuni yao ya kumkosa mtoto waliyemtazamia isimwangukie mtoto waliyenaye. Kauli hiyo iliwachoma wazazi wengine. Mimi naiona kuwa kipimo cha kampeni nzuri. Je, kijana wangu angekuwepo pale ninapozungumza, angeona aibu?

Kwa sababu hiyo kikundi chetu kina masharti. Hatupigi video mtoto akiwa amechafukwa ili watu waone tabu tunayopata. Picha ya matembezi haipigwi kama mtoto anageuza uso. Mwanangu hasemi sana, lakini kofia ya bluu anaivua na kuitupa kila mwaka, na hilo ni jibu kamili. Kwenye kamati tumemweka kijana mwenye usonji aliyesoma hadi sekondari. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba kila ombi letu lilikuwa la watoto wadogo. “Nikifika miaka ishirini nakwenda wapi?” aliuliza. Tangu siku hiyo orodha yetu ina mafunzo ya ufundi, na inataja mtu wa kumwona kijana akimaliza darasa la saba.

Ndugu msomaji, kama una mtoto, mjukuu au mwanafunzi mwenye usonji, usisubiri upate chama kikubwa wala mfadhili. Tafuta wazazi wawili. Kubalianeni kitu kimoja ambacho shule moja au zahanati moja inakihitaji. Kiandikeni kwenye ukurasa mmoja, kipelekeni masjala kabla ya Oktoba, rudini na nakala yenye mhuri, kisha fuatilieni kila mwezi. Na wewe uliye diwani, ofisa au mwalimu mkuu: barua hiyo ikifika mezani kwako, ijibu. Hata jibu la “fedha hazipo mwaka huu” linatusaidia, mradi limeandikwa, kwa sababu mwaka ujao tutalileta tena.